Ukimpeleka Mtoto kwa Mnasihi, Nenda Nawe

Mzazi akiitwa shuleni kwa ajili ya mwanawe, mara nyingi huenda akiwa tayari kwa mojawapo ya mambo mawili: kumtetea mtoto, au kumgombeza palepale mbele ya walimu ili ionekane kwamba nyumbani hakulelewa hivyo. Akiambiwa kuwa tatizo si utundu, kwamba mtoto anahitaji ushauri nasaha, hushusha pumzi. Humkabidhi mtoto kwa mwalimu wa unasihi au kwa mtaalamu wa hospitali, akarudi kazini kungoja aletewe mtoto aliyenyooka, kama redio iliyopelekwa kwa fundi. Mwongozo huu unakusihi ufanye kinyume. Unasihi wa mtoto wa shule huzaa matunda pale mzazi anapokubali kuwa ndani ya kazi hiyo: aketi, aulizwe, apewe la kufanya nyumbani, na pengine abadilike yeye kabla mtoto hajabadilika. Hilo si jambo dogo kumwomba mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, ndiyo maana linahitaji kutetewa kwa hoja.

Ushahidi hauko mbali. Mwaka 2020 zilichapishwa taarifa za jaribio la kitaalamu lililofanyika Moshi hapa Tanzania na Bungoma nchini Kenya, mjini na vijijini, kwa watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na kubaki na maumivu yasiyokwisha. Kundi moja lilipata huduma za kawaida wanazopewa yatima. Kundi jingine lilipata vikao vya unasihi vya pamoja, mara moja kwa wiki kwa wiki 12, na vikao vichache vya mtoto mmoja mmoja. Mambo mawili ya jaribio hilo yanakuhusu moja kwa moja. Kwanza, walioendesha vikao hawakuwa madaktari wa magonjwa ya akili. Walikuwa watu wa kawaida wasio na uzoefu wa kazi hiyo, waliofunzwa na kisha kusimamiwa kwa karibu. Pili, walezi hawakuachwa nje. Walikuwa na vikao vyao sambamba na vya watoto, wakijifunza namna ya kumsaidia mtoto katika yaleyale aliyokuwa akifundishwa. Katika maeneo matatu kati ya manne, watoto waliopata unasihi huo walipata nafuu zaidi kuliko wenzao. Ni kweli kwamba jaribio moja halimalizi mjadala, na shida ya yatima si shida ya kila mtoto. Lakini linaondoa visingizio viwili tunavyovisikia kila siku: kwamba bila msomi mwenye shahada hakuna linalowezekana, na kwamba kazi ya mlezi huishia kwenye nauli.

Sababu ya mlezi kuhitajika inaeleweka ukiangalia saa za wiki. Mnasihi humwona mtoto kwa dakika 45, pengine saa nzima, na wiki ina saa 168. Chukua mfano wa mtoto wa darasa la tano anayelalamika tumbo kila Jumatatu alfajiri. Hospitali wamempima choo, mkojo na damu, hawakuona kitu. Baada ya vikao viwili vitatu inabainika kwamba Jumatatu ndiyo siku ambayo alama za majaribio husomwa mbele ya darasa, na kwamba Jumapili jioni nyumbani hufanyika ukaguzi wa madaftari ambao huishia kwa yeye kulinganishwa na binamu yake anayesoma shule nyingine. Mnasihi anaweza kumfundisha kuvuta pumzi taratibu, kuitambua hofu inapoanza, na kutafuta maneno ya kuisema badala ya kuiacha ishuke tumboni. Lakini Jumapili saa mbili usiku, daftari la hisabati linapofunguliwa juu ya meza ya sebuleni na kurasa zimejaa wino mwekundu, mnasihi hayupo. Aliyepo ni wewe. Ukisema, "Nionyeshe swali moja ulilolielewa wiki hii, halafu moja lililokushinda," umeendeleza kazi ya mnasihi. Ukisema, "Mwenzako amepata ngapi?" kazi ya wiki nzima imefutika, na hata hutajua umeifuta, kwa kuwa hukuwepo ilipokuwa ikifanywa.

Hapo kuna pingamizi la haki. Kenya umefanyika utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2021, wa mpango uitwao Shamiri, ambapo wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi walikutana kwa vikundi wakiongozwa na vijana waliowazidi umri kidogo tu. Vikao vilikuwa vinne, vya kila wiki, kuhusu imani kwamba mtu anaweza kubadilika, kuhusu shukrani na maadili anayoyathamini. Wazazi hawakuwa sehemu ya vikao hivyo, na bado dalili za wanafunzi zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Je, si ushahidi kwamba mzazi si wa lazima? Kwangu unaonyesha kitu kingine: nafasi ya mzazi hubadilika kadiri mtoto anavyokua. Mtoto wa miaka 8 anaishi ndani ya maamuzi ya wazazi wake, na mnasihi asiyekutana nao anafanya kazi gizani. Kijana wa miaka 16 anahitaji mahali pa kuzungumza ambapo mama hayupo, na kumlazimisha mama akae pale ni kumfunga mdomo. Kwa hiyo kwa mtoto wa msingi, jiandae kuhudhuria vikao vingi, vingine pamoja naye na vingine peke yako. Kwa kijana wa sekondari, hudhuria mwanzoni, mwishoni, na pale yeye na mnasihi watakapokuita. Kukubali kukaa nje ya mlango bila kuuliza "mmeongea nini?" ni kushiriki pia, tena ni ushiriki mgumu.

Utajuaje kwamba wakati umefika? Kabla ya kufikiria moyo, angalia mwili. Mtoto aliyeshuka ghafla darasani huenda haoni ubao, hasikii vizuri, ana upungufu wa damu, au halali kwa sababu ya kikohozi. Mpime macho na masikio, mfikishe kituo cha afya, kisha endelea. Mwili ukiwa salama, kinachopaswa kukushtua ni mabadiliko kuliko tabia yenyewe. Mtoto aliyekuwa mkimya tangu utotoni hana tatizo kwa kuwa mkimya. Aliyekuwa mcheshi na sasa anakula akiwa amegeukia ukuta ana jambo. Vivyo hivyo aliyeacha kukojoa kitandani tangu miaka minne akarudia akiwa na tisa, anayekataa njia fulani ya kwenda shule au nyumba ya jirani fulani, anayeanza kuficha madaftari, aliyeacha mpira aliokuwa akiupenda, anayepigana kila siku na wadogo zake. Kama hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi, na inamzuia kula, kulala, kusoma au kucheza, usingoje mwisho wa muhula. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mmoja kati ya vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 70, hao ni wapatao 10. Mtoto wako akiwa mmoja wao, hajaleta mkosi wala aibu katika ukoo.

Namna utakavyomwambia mtoto kuhusu unasihi itaamua nusu ya safari. Ukimwambia, "Nitakupeleka kwa mwalimu akunyooshe," umeshamfundisha kwamba anakwenda kuhukumiwa. Ukimdanganya kwamba mnakwenda kununua viatu kisha mkatokea mlango wa mtaalamu, atakumbuka udanganyifu kuliko yote yatakayosemwa humo. Mwambie ukweli mfupi unaolingana na umri wake: "Nimeona siku hizi hulali vizuri, na mimi sijui nikusaidieje. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kuzungumza na watoto na wazazi wao. Tutakwenda wote." Sema hivyo mkiwa mnafanya kitu kingine, mnachambua mchele au mnatembea kwenda dukani, kwa sababu watoto wengi husema zaidi wasipotazamwa usoni. Asipojibu, usimbane. Na usiahidi zawadi kama malipo ya kusema, maana mtoto anayelipwa kwa maneno atatafuta maneno ya kukufurahisha.

Sasa twende kwa nani? Mahali pa karibu ni shuleni, na shule nyingi zina mwalimu aliyepewa jukumu la ushauri na unasihi. Tatizo liko hapa, na linastahili kusemwa bila kuzunguka: mara nyingi mwalimu huyo ana vipindi kama wenzake wote, hana chumba, na pengine ndiye huyohuyo anayesimamia nidhamu. Mtoto aliyechapwa asubuhi kwa kuchelewa hawezi mchana kumweleza aliyemchapa kwamba alichelewa kwa sababu baba alilewa usiku akawafungia nje. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na zaidi ya nusu walitaja walimu miongoni mwa waliowafanyia. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mkuu wa shule, kwa heshima na bila kulaumu, liwe hili: "Mwalimu anayewasikiliza watoto hapa ni nani, na je, ndiye anayewaadhibu?" Kama ndiye, omba mwalimu mwingine ambaye mtoto mwenyewe amemtaja. Kila mtoto ana mwalimu mmoja anayemwamini zaidi. Huenda ni wa somo la michezo, huenda ni yule wa maktaba. Uliza pia watakaa wapi. Kona ya ofisi ya walimu, wenzake wakiingia kuchukua chaki na kusahihisha mitihani, si mahali pa siri. Benchi chini ya mwembe, pale wanapoonekana na kila mtu lakini hawasikiki, ni bora kuliko chumba kilichofungwa na kuliko ofisi iliyojaa. Humlinda mtoto, humlinda na mwalimu.

Wengine watasema kumwomba mkuu wa shule mambo kama haya ni kujitafutia ubaya, kwamba mtoto ndiye atakayelipa. Hofu hiyo ina msingi, na njia ya kuipunguza ni kutokwenda peke yako. Kamati ya shule au bodi ina wawakilishi wa wazazi, na ajenda ya chumba cha unasihi inaweza kuletwa na wazazi watano bila jina la mtoto hata mmoja kutajwa. Shule hubadilika zikisaidiwa kubadilika. Wilayani Luwero nchini Uganda, jaribio lililohusisha shule za msingi 42 na kuchapishwa mwaka 2015 lilionyesha kwamba pale walimu, wanafunzi na uongozi walipofanya kazi pamoja kwa mpango maalumu wa kuijenga shule isiyo na ukatili, uwezekano wa mwanafunzi kupigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki moja ulipungua kwa asilimia 42. Walimu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni utaratibu wa shule na kile kilichokubalika ndani yake.

Shule ikishindwa, au jambo likiwa zito kuliko uwezo wake, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako; kama hujui ofisi yake ilipo, ofisi ya mtendaji wa kata itakuelekeza. Hospitali za mikoa na za rufaa ndizo za kuulizia huduma ya afya ya akili, na unaweza kuanzia kituo cha afya cha kawaida upewe rufaa. Simu ya kusaidia watoto ni 116, haina malipo, na mtoto au mzazi anaweza kuipiga. Kenya na Uganda nako wanaitumia namba hiyohiyo. Sheikh, padri au mchungaji anaweza kuwa mlango mzuri wa kuingilia, hasa kama ana tabia ya kusikiliza kabla ya kunasihi. Jihadhari na yeyote atakayekwambia mtoto akae naye peke yake usiku, asile kwa siku kadhaa, au apigwe ili jambo fulani limtoke.

Kikao cha kwanza kisikutishe. Utaulizwa habari za mimba na kuzaliwa kwa mtoto, magonjwa aliyougua, nani anaishi nyumbani, nani analala naye chumba kimoja, nani aliondoka karibuni, kuna msiba gani, deni gani, ugomvi gani. Hapo ndipo wazazi wengi hujikunja. Hujibu kwamba nyumbani kila kitu ni shwari, mambo ya ndani ni ya ndani, na mtoto aliyeketi pembeni huelewa mara moja kwamba naye anapaswa kudanganya. Ukiona huwezi kusema mbele yake, omba dakika kumi za peke yako na mnasihi, uyaseme huko. Nenda na madaftari mawili matatu ya mtoto na ripoti za mihula iliyopita, kwa sababu mwandiko na alama huonyesha tarehe ambayo mambo yalianza kuharibika kuliko kumbukumbu yako. Ukurasa wa Machi una herufi zilizonyooka. Wa Mei kazi zimeishia katikati. Mnasihi ataangalia hapo na kuuliza: Aprili kulitokea nini?

Kisha dai makubaliano ya siri, nayo yawekwe wazi mbele ya mtoto. Kanuni ya kawaida ni kwamba yanayosemwa na mtoto hubaki na mnasihi, isipokuwa akiwa katika hatari ya kujidhuru, ya kumdhuru mwingine, au ya kudhuriwa na mtu. Hilo la mwisho haliko mikononi mwa mnasihi peke yake: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye serikali ya mitaa ya eneo lake. Mzazi anayesema, "Mimi ndiye nimemzaa, nina haki ya kujua kila neno," ni kweli kwamba ana haki nyingi, lakini akiidai hii atapata mtoto anayezungumza na mnasihi kuhusu hali ya hewa. Unachostahili kuambiwa ni mambo matatu: kama mtoto yuko salama, kazi inaelekea wapi, na wewe ufanye nini wiki hii. Ukitoka kwenye kikao bila hilo la tatu, uliza. Na hofu ya upande wa pili, kwamba mwalimu atayatembeza mambo yenu mtaani, ijibiwe kwa kumuuliza uso kwa uso: ataandika nini, ataweka wapi, nani mwingine atasoma. Asiyeweza kujibu maswali hayo hafai kupewa siri ya mtoto.

Kuna wasemao kwamba haya yote ni mambo ya kuazima, kwamba sisi tulikuwa na shangazi, na bibi, na somo, na kungwi. Wanasema kweli kuhusu zamani, na hoja yao inanisaidia kuliko kunipinga. Msichana alikuwa na mtu mzima asiyekuwa mama yake, aliyepewa kazi ya kumfunza na kumsikiliza, na mama alikubali kwamba yapo ambayo binti atayasema kule na si kwake. Huo ni unasihi, wenye mipaka yake ya siri na mtu wake maalumu. Lakini leo shangazi yuko Songea na mtoto yuko Mbagala, wanaonana kwenye misiba, na kwenye simu mtoto husema "sijambo" kisha anaipitisha kwa mama. Isitoshe, ukoo hauwezi kuwa hakimu pale mkosaji anapokuwa wa ukoo. Utafiti uleule wa mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na kati ya hao ni karibu nusu tu ya wasichana na theluthi ya wavulana waliomwambia mtu yeyote. Kama yupo shangazi wa karibu mwenye busara, mshirikishe, hata aje kikaoni. Asipokuwepo, usimwache mtoto bila mtu kwa kuwa desturi ilikuwa nzuri.

Pingamizi zito zaidi ni la fimbo. Wazazi wengi walichapwa, wakasoma, wakawa watu, na wanaona unasihi ni kudekeza. Siwezi kumwambia mtu kwamba hakuwa mtu. Ninachosema ni kwamba fimbo husimamisha tabia huku ikiacha sababu yake palepale, na mtoto anayeogopa hujifunza kuficha. Nchini Afrika Kusini, katika Jimbo la Eastern Cape, familia 552 zenye vijana balehe zilishiriki jaribio la mafunzo ya malezi yenye vikao 14 vya wazazi na vijana, lililochapishwa mwaka 2018. Vipigo na matusi vilipungua, na usimamizi wa wazazi kwa watoto wao ukaongezeka. Nasisitiza hilo la pili: waliopunguza kupiga waliwafuatilia watoto wao zaidi. Kudekeza ni kuacha kuweka mipaka. Unasihi unaweka mipaka na kuieleza: simu inazimwa saa tatu usiku, akivunja anaikosa kesho, na kesho kutwa anarudishiwa bila hotuba. Katika wiki za unasihi, ahidi kwa mnasihi kwamba hutampiga, na ukishindwa sema umeshindwa. Mnasihi asiyejua kwamba kulikuwa na kipigo juzi atashangaa kwa nini mtoto amefunga mdomo leo.

Baba naye aje. Imezoeleka kwamba shuleni ni kazi ya mama, na mnasihi husikia habari za baba kutoka kwa watu wengine. Kama hawezi kupata ruhusa kazini, aombe kikao kimoja Jumamosi au azungumze kwa simu. Kama wazazi mmeachana, msimfanye mtoto kuwa mjumbe wa maneno yenu. Kila mmoja akutane na mnasihi kwa wakati wake, mkubaliane mambo mawili tu yatakayofanana katika nyumba zote mbili, muda wa kulala kwa mfano, na nani atasaini ripoti. Na kama mtoto analelewa na bibi, bibi ndiye aketi kikaoni, kwa sababu ndiye anayejua analalaje. Mtumie nauli.

Yako mambo mawili ambayo hayangoji kikao. Ukijua au ukishuku kwamba mtoto amebakwa au amelawitiwa, usimwogeshe, usifue nguo zake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Dawati la jinsia na watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo, na baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Usikubali kumalizana kifamilia. Jambo la pili ni mtoto anayesema amechoka kuishi, anayegawa vitu vyake anavyovipenda, au aliyeanza kujikata mikono. Muulize kwa maneno yaliyonyooka: "Umewahi kufikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali litampa wazo, lakini tafiti hazionyeshi hivyo, kinachoonekana ni kwamba kuulizwa humpa nafasi ya kusema. Akijibu ndiyo, usilie mbele yake wala usimwambie anakosea kwa Mungu wakati huo. Kaa naye, asiachwe peke yake, ondoa dawa za panya, za shamba na vidonge vyote anavyoweza kufikia, na mwende hospitali usiku huohuo.

Katika mambo mengine yote, kuwa na subira, nayo iwe na kipimo. Andika mwanzoni vitu viwili vinavyohesabika: siku alizokwenda shule bila kuumwa tumbo, usiku aliolala bila kuamka. Baada ya vikao sita, mhesabu pamoja na mnasihi. Mara nyingine mtoto huonekana kuharibika kidogo kabla ya kutengemaa, hulia zaidi, hukujibu vibaya, kwa kuwa kilichokuwa kimefichwa kimeanza kusemwa. Lakini kama baada ya miezi miwili hakuna kilichosogea, omba rufaa kwa mwingine bila kuona aibu. Na mambo yakisogea, usikatishe vikao siku ya kwanza ya furaha. Omba vipungue, kutoka kila wiki hadi kila mwezi, na kiwepo kimoja baada ya likizo ndefu, pale shule inapofunguliwa. Mtoto akimaliza la saba na kupangiwa shule nyingine, hasa ya bweni, kaa naye kabla ya safari muamue pamoja ni nani kule ataelezwa habari zake na aelezwe kiasi gani: matroni, patroni au mwalimu wa darasa. Andikeni pamoja barua fupi, aisome mwenyewe, afute asichotaka kijulikane, ndipo uikunje na kuiweka ndani ya bahasha ya fomu zake za kujiunga.